Jani Lisilotoka kwa Mtarakwa Wetu

Gilgil,
11 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Cheptanui,

Kabla ya salamu nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Chakula cha mchana mimi hula nyuma ya maabara, peke yangu. Huchota githeri yangu, mahindi mengi na maharagwe machache, nikapita kando ya jikoni kama mtu aliyetumwa, nikaketi juu ya jiwe chini ya mti mmoja mzee. Si kwamba wasichana wa hapa ni wabaya. Hawanichukii. Ni kwamba wakianza kuongea wote pamoja mimi huchelewa. Nikishapata la kusema, wao wamefika kwingine.

Sasa salamu. Hujambo Shangazi? Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, kile kikohozi kiliisha. Fomu ya Tatu ni ngumu kuliko nilivyodhani, hasa hesabu, lakini ninajitahidi.

Nimekutajia huo mti kwa sababu kwenye shina lake kumeota mmea uleule ulioko kwenye mtarakwa wetu, pale karibu na zizi. Majani membamba marefu kama ulimi wa ndama, hayana meno wala hayakuchanika popote. Ukiligeuza jani, chini kuna madoa ya kahawia ya mviringo, safu mbili, moja kila upande wa mshipa wa katikati. Siku niliyouona mara ya kwanza nilijikuta nimeusalimia, "Sasa." Halafu nikageuka kuangalia kama kuna aliyenisikia.

Nataka kujua jina lake. Nimetafuta katika kamusi ya maktaba nikapata kangaga, lakini kamusi inasema kangaga huota penye majimaji. Huu wetu uko juu ya mti na hauna maji ila ya mvua. Nikiwa mdogo nilimwuliza Kogo, nikidhani nyanya hujua majina yote. Akanijibu, "Anayeitwa ni anayetumwa. Huu nitautuma wapi?" Nilidhani ananitania na ipo siku ataniambia jina. Sasa mwaka unaelekea kwisha tangu tumzike na sina wa kumwuliza ila wewe, uliye binti yake.

Tafadhali nichumie jani moja kutoka kwa mtarakwa, ulikaushe ndani ya Biblia, unitumie. Nataka kulilinganisha na la hapa. Na usipige kwa simu ya mwalimu wa zamu. Foleni iliyo nyuma yangu husikia kila neno na mimi hubaki nikisema "ndio, ndio" tu. Niandikie.

Nisalimie ng'ombe.

Mwanao,
Jebet


Dundori,
27 Mei 2025

Jebet wangu,

Pokea salamu nyingi. Mimi niko sawa, mgongo ndio unanikumbusha umri. Mvua imenyesha ya kutosha. Siku hizi mikono yangu iko ndani ya viazi kutoka asubuhi mpaka jioni, hata kuandika hii barua nimenawa mara mbili na bado unaona karatasi iko na alama za vidole. Ng'ombe yuko mahali pazuri, anapata majani. Baba yako mkubwa Kiprugut alikuja kutoka Molo. Aliuliza habari zako, nikamwambia unasoma.

Jina la huo mmea sijui. Mama hakuwa na jina lake, hakuwa anakutania. Sisi tuna majina ya vitu vya kula, vya dawa na vya kufukuza kupe. Huo mbuzi hali, mtu hachemshi. Ulikuwa tu hapo. Lakini nakumbuka wakati ndugu zangu walitaka kukwangua shina, wakisema unanyonya mti, Mama aliwafukuza na mwiko. Akasema, "Umekula nini cha mama yenu?"

Hiyo maneno ya kula peke yako sijaipenda. Kula na wenzako. Hapo nyuma ya maabara kutakuwa na nyoka.

Jani nitakutumia nikipata nafasi.

Soma. Ni mimi,
Shangazi yako


Gilgil,
8 Juni 2025

Mpendwa Shangazi,

Nimefurahi kusikia u mzima. Huku baridi ya asubuhi imeanza na wasichana wanaoga kwa kunyunyizia uso tu. Nyoka sijamwona. Paka wa jikoni ndiye anayekuja kuniangalia nikila.

Nilijipa moyo nikampelekea Mwalimu Oduor wa Biolojia jani la hapa shuleni. Nilimvizia mlangoni mpaka wengine wote wakatoka. Aliligeuza, akatabasamu, akanipeleka kwa kabati lake la vitabu. Jina la kisayansi ni Pleopeltis macrocarpa. Alisema neno la kwanza ni kama "ngao nyingi" na la pili ni "matunda makubwa". Nikamwambia, "Lakini mwalimu, hauna tunda." Akasema ndiyo, hauna tunda, hauna ua, hauna mbegu. Yale madoa ya kahawia ndiyo uzazi wake. Ndani yake mna vumbi jepesi kuliko unga, na upepo ukilipeleka mahali penye unyevu, mmea mwingine huanza. Aliyeupa jina aliona madoa makubwa akayafananisha na matunda, basi.

Akaniambia na hili, nikakukumbuka wewe na ule mwiko wa Kogo. Mmea huu haunyonyi mti. Mizizi yake haiingii ndani. Unashika gome kwa nje na kunywa mvua inayopita. Majani yake hayapukutiki kwa msimu. Kiangazi kikizidi hujikunja, ukadhani umekufa, kumbe unangoja. Kogo alijua bila kabati la vitabu kwamba hauli cha mtu.

Shangazi, jani hukulituma. Mtarakwa unauona ukisimama mlangoni pa jikoni, sasa sijui nafasi gani unayoitafuta. Halafu hukusema Baba Mkubwa alitaka nini. Yeye haji Dundori kusalimia tu.

Basi usisumbuke. Likizo fupi ya katikati ya muhula inaanza tarehe ishirini na sita. Nitakuja nilichume mwenyewe. Niwekee mursik kidogo, maziwa ya huku hayajui kuganda kwenye kibuyu.

Jebet


Dundori,
17 Juni 2025

Jebet,

Salamu. Niko mzima. Watu wote wa huku ni wazima.

Hiyo likizo fupi usije. Kazi ni nyingi, sitakuwa na wakati wa kukaa na wewe, na siku zenyewe utazimaliza barabarani. Kuna yule msichana wa bweni lenu, Fancy, ulisema mwaka jana kwao ni hapo Gilgil na mama yake alikualika. Nenda kwao. Uwasaidie kazi, usikae na kitabu mezani kama mgeni wa serikali. Mwezi wa nane tutaonana.

Jani ndilo hili. Lilikuwa na madoa ya ugonjwa huko pembeni, nimeyapangusa na kitambaa yasiende kuharibu vitabu vyako. Mimi ni mtu wa viazi, jani la madoa siwezi kuliacha hivyo. Naona sasa unasema madoa ndiyo watoto wake. Kama nimekosea, pole, nimeshapangusa.

Usinifikirie sana. Soma.

Shangazi yako


Gilgil, kwa kina Fancy,
29 Juni 2025

Mpendwa Shangazi,

Natumaini u mzima. Fancy na mama yake wanakusalimu. Mama yake anauza mahindi ya kuchoma kando ya barabara kuu, na jana nilimsaidia kupepea jiko. Mteja mmoja aliniita "madam" na Fancy akacheka hadi akakaa chini. Ni watu wema. Jioni mama yake aliniuliza, "Kwenu ni wapi, msichana?" Nikasema Dundori. Akasema, "Na mbona hukuenda?" Nikasema kuna kazi nyingi. Hakuniuliza tena, lakini aliniongezea ugali bila mimi kuomba.

Sasa nikuambie habari za jani.

Hili ulilonituma si la kwetu. Jani la kwetu ni moja, zima, kama ulimi. Hili limepangika vijani vidogo vingi huku na huku, kama kitana cha pande mbili. Madoa ya kwetu yako safu mbili kando ya mshipa. Ya hili yalikuwa ukingoni kabisa, karibu na mwisho wa kila kijani. Uliyapangusa lakini yameacha alama, na mengine hukuyaona. Nimeliangalia juzi, nimeliangalia jana, nimelilaza kando ya jani la nyuma ya maabara. Ni mmea wa aina nyingine. Nimeshauona, unaning'inia kwenye mkebe mlangoni pa saluni moja mjini Nakuru, pale uliponipeleka kusukwa kabla sijaingia Fomu ya Kwanza. Sijawahi kuuona Dundori.

Nimejaribu kujiambia ulikosea tu, kwamba kwako majani ni majani. Lakini mtarakwa wetu una huo mmea mmoja tu, na umeishi chini yake miaka yako yote. Hungeweza kuchuma huu kutoka pale hata ukiwa umefumba macho.

Kwa hiyo nauliza, na nimeandika maswali haya kwenye karatasi nyingine kwanza ili nisiogope. Mtarakwa uko? Wewe uko wapi? Na kama ni mimi ndiye nimekuwa mzigo, kwa maana baba alikufa na mama akaolewa mbali, nawe ukabaki na mtoto usiyemzaa, niambie. Nitaelewa. Ninachoshindwa ni kutojua mwezi wa nane nielekee wapi.

Jebet


Gilgil,
13 Julai 2025

Shangazi,

Salamu. Mimi ni mzima. Sijapata jibu. Karani anayegawa barua sasa ananijua, akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika.

Sikukasirika kwa ajili ya jani. Ukiona hili, andika hata mstari mmoja.

Jebet


Nakuru,
19 Julai 2025

Jebet wangu,

Umeona hapo juu nimeandika wapi. Mimi niko Nakuru tangu mwanzo wa mwezi wa tano. Barua zako zilikuwa zinafika kwa sanduku lile lile la posta la hapa mjini, ndiyo maana hukujua.

Shamba liliuzwa. Ndugu zangu walikaa wakakubaliana, Kiprugut akiwa mbele. Mimi nilisema nimemwuguza Mama pale, nimekulea pale. Wakasema binti mahali pake ni kwa mumewe. Nikauliza mume gani, mnionyeshe na mimi nimjue. Mmoja alicheka, wengine waliangalia chini. Ulikuwa umefungua shule juzi tu. Ng'ombe nilimwacha kwa jirani ambaye ana majani mazuri, kwa hivyo hapo sikukudanganya.

Nikifikiria, naona sikukudanganya mahali pengi. Nilikuambia mikono yangu iko ndani ya viazi, na ni kweli. Namenya viazi kwa kibanda cha chipsi. Vinakuja kwa magunia kutoka Dundori. Siku nyingine nashika kimoja nakiangalia kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao mjini, halafu Joyline, mwenye kibanda, ananiambia, "Auntie, hicho kitakuwa chipsi hata ukikisalimia." Uongo wangu ni kuandika Dundori hapo juu, na lile jani. Nililikata kwa mkebe wa saluni iliyo kando yetu. Nilidhani jani la namna hiyo ni jani la namna hiyo. Sikujua kuna mtu duniani anahesabu safu.

Mti sijui kama uko. Nilitoka bila kuangalia nyuma.

Sasa nikuambie kwa nini nilinyamaza. Kiprugut alipokuja alisema wewe ni mtoto wa ndugu yake, na kwa kuwa mimi sina nyumba, utahamia kwake Molo. Siku ya kufunga shule atakuja kukuchukua getini. Mimi nina chumba kimoja, Jebet. Kitanda ni hicho, jiko ni hapo, bafu tunagawana na majirani. Kwake kuna vyumba vinne na meza ya kusomea, na mke wake si mtu mbaya. Niliogopa ukijua utaacha kusoma uanze kunililia mimi. Na niliogopa ukilinganisha hizo nyumba mbili kama ulivyolinganisha majani, utaona vizuri sana.

Mzigo si wewe. Hilo usiliandike tena.

Sitakulazimisha. Ukienda Molo nitakuja kukuona Krismasi na sitanuna. Ukija kwangu, shuka Kaptembwo, uliza kibanda cha Joyline, mlango wangu ni wa bluu nyuma yake. Amua wewe. Mimi niliamuliwa, najua vile inauma.

Cheptanui, Shangazi yako


Gilgil,
7 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zangu. Nilifika shuleni salama na sanduku halikufunguka njiani. Msalimie Joyline, mwambie sabuni aliyonipa inanukia bweni zima. Mgongo wako tafadhali ukae kwenye kile kigoda cha juu, si kile kifupi.

Likizo yote hukuniuliza nilifikaje kwako siku ile, kwa nini nilichelewa, wala nilikotoa gome lililokuwa ndani ya gunia. Ulifungua mlango wa bluu, ukaangalia gunia, ukasema, "Ingia, chai inapoa." Mimi nami sikusema. Tunafanana kwa hilo. Sasa niko mbali, naweza kuandika.

Baba Mkubwa alikuja getini kama ulivyosema, na gari la rafiki yake, yeye mwenyewe akiendesha. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Aliweka sanduku langu nyuma kabla sijamsalimu vizuri.

Akasema, "Panda. Mama yako mkubwa amechinja kuku. Meza yako iko kwa dirisha."

Nilipanda. Nilikuwa nimejiandikia maneno kwenye kiganja, lakini mkono ulitoa jasho yakafutika. Tulipita Kariandusi, tukapita Elmenteita. Tulipokaribia Lanet, pale barabara ya Dundori inapochipuka, nilisikia sauti yangu ikisema, "Baba Mkubwa, naomba tupitie nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Dundori."

"Hakuna kitu huko."

"Kuna kitu nilisahau."

Aliniangalia. Nadhani alitaka kukataa. Lakini alikata kona.

Shangazi, mtarakwa wameuangusha. Shina limelala kando ya palipokuwa zizi, limekatwa vipande vya kupasulia nguzo. Nyumba ya Kogo bado ipo, ina mlango mwingine. Baba Mkubwa alisimamisha gari barabarani na hakushuka. Aliangalia mbele tu, mikono kwenye usukani, kama ambaye bado anaendesha.

Alitoka mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni. "Sasa dada, unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu. Naomba gome."

"Gome la nini? Dawa?"

"Si dawa. Ni la kuangalia tu."

Alinicheka, lakini si kwa ubaya. "Angalia yote basi. Chukua hata mti, kama utaubeba." Akaniletea panga na gunia.

Mmea ulikuwa kwenye kile kipande kinene. Mti ulikuwa umekufa tangu wauangushe, lakini mmea haukuwa na habari. Majani ya juani yalikuwa yamejikunja. Ya upande wa kivuli yalikuwa ya kijani, na madoa yake yote. Nilibandua gome taratibu, vipande viwili, mizizi isikatike. Mizizi yenyewe ilikuwa imeshika kwa nje tu, kama Mwalimu Oduor alivyosema. Haikuchukua kitu.

Nilipouweka garini Baba Mkubwa alisema, "Hayo ndiyo umenipandisha huku?"

"Ndiyo."

Tukarudi mpaka barabara kuu. Pale ndipo nilimwambia kwamba siendi Molo, nakuja kwako. Niliyasema nikiangalia gunia. Akaniambia chumba chako ni kimoja, tutalala wapi. Nikamwambia, kama tulivyolala na Kogo, watatu kitanda kimoja, na sasa tumepungua. Akasema Molo kuna meza. Nikasema najua, na ninashukuru. Akasema, "Cheptanui amekujaza maneno." Nikamwambia, "Hapana. Aliniambia nichague. Ninyi hamkumwambia hivyo."

Sijui hayo yalitoka wapi. Sijawahi kumjibu mtu mzima. Akaendesha mpaka Nakuru. Kaptembwo alisimama mbele ya kibanda cha Joyline, akatoa sanduku, akalishika muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mlango wako ulikuwa umefungwa. Nilimwuliza kama ataingia. Akasema, "Siku nyingine. Mwambie..." Akaingia garini. Sikukuambia kwa sababu sikujua alitaka nikuambie nini, na bado sijui.

Kipande cha kwanza unacho, tulikifunga wote wawili kwenye nguzo ya mlango. Usikimwagilie maji ya viazi, yana wanga. Yakipatikana ya mvua yatosha. Madoa usiyapanguse.

Kipande cha pili nilikuja nacho huku, ndani ya sweta. Leo baada ya kanisa nimekifunga kwa uzi wa gunia kwenye ule mti wa nyuma ya maabara, chini kidogo ya ule wa hapa. Nilikuwa bado nakaza fundo Fancy akatokea na sahani yake ya githeri. Alikuwa ananitafuta. Akauliza hiyo ni dawa ya nini. Nikamwambia si dawa, wala hailiwi, nimetoka nayo kwetu.

"Kwenu ni Dundori, si ndio?"

"Nakuru," nikasema. "Kwa Shangazi."

Kisha nilisogea upande mmoja wa jiwe, yeye akaketi upande wa pili, tukala.

Mwanao,
Jebet